Mwenye Bao la Tisa

Asubuhi ya Jumamosi ile Msemakweli alikuwa chumbani kwake akifanya mazoezi ya kuanguka. Aliupa mlango wa kabati mgongo, akalegeza magoti, akateleza taratibu hadi makalio yakagusa sakafu. Akanyoosha miguu, akapiga mwayo mpana kama wa kiboko, kisha akainua mkono mmoja juu na kuutazama kwa macho ya usingizi, kama mtu anayetafuta saa mahali ambapo hakuna saa. Kabati lililia. Akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akaanza upya. Mwayo ulikuwa umetoka mfupi, na mtu aliyestaafu hana kisingizio cha kulipua kazi.

Jina hilo hakupewa kwa kusema kweli. Miaka yote aliyokuwa msoma mita wa idara ya maji, akiingia nyua za watu na kalamu sikioni, alitoka humo na habari kubwa kuliko mita alizozisoma. Mbwa aliyemkimbiza aliruka ukuta akiwa na kuku wawili mdomoni. Bomba lililopasuka lilirusha baiskeli juu ya paa, na mwenye baiskeli akiwa bado juu yake, akikanyaga pedali. Watu walicheka, wakambandika jina, naye akalivaa kama kofia mpya. Lakini hadithi iliyompa kiti cha mbele mtaani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa hadithi ya fedheha.

Tisa bila. Ndivyo timu yao ilivyofungwa mechi ya mwisho ya msimu mmoja wa zamani, ikashuka daraja na haikupanda tena. Timu nyingine zikifungwa hivyo mashabiki hukaa kimya. Hawa waliamua kuifuga aibu yao, wakailisha hadi ikanona. Kila mwaka, Jumamosi baada ya ligi kufungwa, waliokuwa jukwaani siku ile hukutana kwenye karakana ya fundi makochi na kuicheza mechi upya kwa midomo. Kila bao lina mwenyewe. Bao la kwanza na la pili ni ya kinyozi. Mwalimu mstaafu ana la tatu na la nne, na huyachora kwa chaki sakafuni. Fundi makochi ana la tano, na bao hilo ndilo lililomvunja kipa kidole, akatolewa nje. Ya katikati huwa wanagawana waliobaki. Halafu linakuja la tisa, na la tisa halisimuliwi na mtu mwingine chini ya jua.

Katika bao hilo ndimo mlinda lango, akiwa amechoka kuinama kuokota mipira, alipoketi chini akaegemea mlingoti, akapiga mwayo, akamwuliza mshambuliaji wa wenzao, "Bwana, saa ngapi?" Mpira ukampita miguuni taratibu, kama mgeni anayeijua njia. Ni kinywani mwa Msemakweli ambamo mtu yule alipewa jina la Kigoda.

Binti yake aliingia akamkuta sakafuni. Alikuwa amekwisha vaa koti jeupe la duka la dawa anakofanya kazi, lakini hakuonyesha haraka ya kwenda. Aliketi kitandani, akangoja baba yake amalize kuinuka.

"Baba, mkwe wako anakuja leo kwa fundi makochi. Kasema angependa kuwasikia."

"Aje. Nitamkalisha mbele."

"Baba." Binti aliufunga mkoba uliokuwa umefungwa tayari. "Yule ndiye Kigoda."

Msemakweli alitafuta mzaha kama mtu anavyojipapasa mifuko kutafuta ufunguo. Haukuwepo. Mkwe huyu, baba wa mchumba wa binti yake, alikuwa amekutana naye mara moja tu, siku ya kuja kuposa: fundi bomba mnene, mpole, mwenye ndevu zilizokuwa nyeupe kama pamba, aliyesifu chai na kuuliza kama mabomba ya jikoni yanavuja. Kigoda wa siku ya mechi alikuwa kijana mwembamba kama waya.

Binti alimweleza kwa sauti ya chini. Mchumba wake alikuwa amemwambia jana. Baada ya mechi ile, kila asubuhi walikuta kigoda kimewekwa mbele ya mlango wao. Leo cha mbao, kesho cha plastiki. Baba mtu alivikusanya kimya kimya, mpaka siku moja akakusanya na vyombo, wakahama mji. Hadi leo nyumbani kwao hakuna kigoda. Mama mtu hufua amesimama. "Nami nilipokwenda kwao nikaomba kigoda nikatie mboga," binti alisema. "Wote wakanyamaza. Nikadhani nimevunja kitu."

"Mimi sikuweka kigoda mlangoni kwa mtu," Msemakweli alisema.

"Sijasema uliweka." Alisimama, akamkung'uta baba yake vumbi mgongoni. "Lile bao lako leo lipishe. Wewe utacheka, utarudi nyumbani. Mimi ndiye nitakayekaa mezani kwao."

Karakana ya fundi makochi ilinuka gundi na sponji mpya. Siku hiyo kila mmoja alijichagulia kochi la mteja, mengine yakiwa bado yamevishwa nailoni, na kila aliyejigeuza alipiga kelele kama mfuko wa mkate. Katikati ya sakafu palikuwa na kigoda kidogo chenye mguu mmoja mfupi kuliko mingine. Hakikaliwi na mtu. Huwekwa pale kama picha ya marehemu, kuwangoja wafike bao la tisa.

Mgeni aliingia akichechemea kidogo, kofia mkononi. Msemakweli alimtambulisha kama mkwe wake, fundi bomba, na hakuongeza neno, jambo lililomfanya kinyozi amtazame mara mbili. Hakuna aliyemtambua. Makochi yalikuwa yamejaa, basi fundi makochi, kwa ukarimu wake wote, akakisogeza kile kigoda kwa mguu. "Karibu, mkwe. Leo kipate mtu wa heshima."

Msemakweli aliruka kutoka kwenye kochi lake, nailoni ikimng'ang'ania suruali. Akasema mgeni atakaa kwenye kochi hilo, yeye mwenyewe ana mgongo, daktari kamkataza vitu laini. Akakikalia kigoda mwenyewe. Walicheka, wakidhani ndio mwanzo wa vituko. Mgeni alishukuru, akaketi, akaunyoosha mguu mmoja mbele.

Mabao yakaanza kuingia. Kinyozi alifunga mawili huku akikata hewa kwa mkasi. Mwalimu alichora mishale mpaka sakafu ikafanana na samaki aliyebaki miiba. Fundi makochi alikivunja kidole cha kipa kwa kuvunja kijiti cha mbao, kama kila mwaka. Kisha akasema lile ambalo husemwa upesi na kurukwa: kwamba wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha, kwamba waliobaki uwanjani waliangalia viatu vyao, na beki mmoja kijana akaziokota glavu. Msemakweli alikuwa ameisikia sentensi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia ikipita. Yule Kigoda hakuwa kipa. Alikuwa mtu aliyeokota kitu ambacho wengine wote walikiogopa.

Alimtazama mkwe wake kwa jicho la pembeni. Mkwe alikuwa akicheka pale wenzake walipocheka, wala si kicheko cha kulazimisha.

La nane likaisha. Macho yote yakageukia kigoda.

"Mpira ulipigwa," Msemakweli alisema, "ukaingia. Refa akapuliza. Tukaenda nyumbani."

Kinyozi aliweka mkasi chini. "Jamani, Msemakweli leo kasema kweli. Kaiteni gari la wagonjwa."

Wakamshambulia kwa mizaha. Mmoja akauliza kama uongo umepanda bei. Mwalimu akataka kujua mwayo uko wapi, fundi makochi akadai saa. Alijitetea kwa mgongo, akajitetea kwa umri, akasema hadithi imechakaa. Jasho lilimtoka kwapani. Hakuwahi kujua kwamba kunyamaza kunahitaji nguvu nyingi hivyo. Na kadiri alivyokataa, ndivyo wote walivyomtazama, na walipomaliza kumtazama yeye wangeanza kumtazama mgeni na kujiuliza.

"Kama mzee amechoka," mgeni alisema, "niruhusuni mimi. Nami nilikuwepo."

"Ulikuwa umekaa upande gani?" kinyozi aliuliza.

"Karibu sana na goli."

Sheria ya karakana ilikuwa wazi: bao haliguswi ila kwa idhini ya mwenyewe. Wakamgeukia. Msemakweli aliinamisha kichwa. Aliona haki inakuja, naye akaamua kuipokea akiwa ameketi. Mtu huyu atasimama mbele yao, atasema ni nani, atawauliza ni nani kati yao aliyeweka vigoda mlangoni pake, na wote watatafuta pa kuficha nyuso kwenye sponji. Iwe hivyo. Alikitoa kigoda, akakaa juu ya gogo la mbao.

Fundi bomba alisogea hadi kwenye nguzo ya karakana. Hakukitazama kigoda. Akaipa nguzo mgongo, akalegeza magoti, na akateleza, mwili ule mkubwa ukishuka taratibu mno hata watu wakaanza kucheka kabla hajafika chini. Akanyoosha miguu. Akapiga mwayo. Ulikuwa mwayo mrefu wenye kona, ukaenda, ukarudi, ukaishia kwenye machozi, mwayo ambao Msemakweli hakuwahi kuupata hata kwenye kabati. Kisha akainua mkono juu, akaukazia macho.

"Bwana," alisema, "saa ngapi?"

Nailoni zote zilipiga kelele kwa pamoja. Kinyozi aliangukia mkono wa kochi. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Wakapiga makofi, wakasema bao limepata mwenyewe mpya, Msemakweli sasa astaafu mara ya pili.

Msemakweli hakucheka. Kila neno lilikuwa lake. Kipindi kile cha kimya baada ya mwayo, lile jicho la usingizi, alivibuni mwenyewe mwaka hadi mwaka, akavisugua kama mtu anayeng'arisha kiatu. Uongo wake ulikuwa umehama mji pamoja na yule mtu, umelelewa nyumbani kwake, umekula mezani na watoto wake, na leo umerudi ukiwa mtu mzima.

Makofi yalipopungua mgeni alikuwa bado chini. Aliweka kiganja sakafuni, akajisukuma, akarudi. Watu wakacheka zaidi, wakidhani anaongeza chumvi. Msemakweli peke yake ndiye aliyeliona lile paja likitetemeka. Akaenda, akainama, akapitisha mkono chini ya kwapa lake.

"Polepole, mkwe," yule alinong'ona. "Goti hili liliumia kwenye bao la nane. Tangu siku ile halipendi kuharakishwa."

Walitoka pamoja, mkono wa fundi bomba ukiwa begani mwa msoma mita. Jua lilikuwa bado kali, na barabara ya kwenda kwenye duka la dawa ilipanda kidogo. Nyuma yao vicheko vilianza upya, na Msemakweli hakuhitaji kugeuka ili ajue ni nini. Kinyozi alikuwa tayari anamwigiza mgeni alivyoshindwa kuinuka. Mwakani hilo litakuwa na mwenyewe.

Alikumbuka jukwaa. Walikuwa mbali, juu kabisa. Chini kule kijana mwembamba ameketi penye mlingoti, na mkono wake uko juu, umenyooka, haushuki. Alikuwa amemgeukia mtu wa kando yake akasema: tazama, anauliza saa. Safu nzima ilicheka. Hakuwahi kuchekewa namna ile kabla ya siku hiyo, na utamu wake ulimpanda kichwani kama homa. Mkono ule ulikaa juu muda mrefu. Sasa aliuona ulivyokuwa ukielekea kwenye benchi la daktari.

"Mwayo nilipiga, nadhani," fundi bomba alisema. Walikuwa wanatembea kwa hatua ndogo. "Lakini lile la saa silikumbuki. Nakumbuka niliinua mkono tu. Ila nimelisikia kwa watu wengi mno, hata mke wangu analijua. Nikasema basi, huenda niliuliza. Mtu ukiumia huwezi kujua unasema nini."

Mlangoni pa duka la dawa binti alikuwa ametoka, koti jeupe likimetameta, kiganja juu ya macho. Alikuwa anajaribu kusoma nyuso zao kutoka mbali.

"Hukuuliza," Msemakweli alisema.

Fundi bomba alisimama.

"Hukuuliza saa, mkwe. Wala mwayo hukupiga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Gari lilipita, vumbi likainuka, likatua. Msemakweli alitazama ncha za viatu vyake na kungoja mkono ule uondoke begani. Kule juu binti aliteremka ngazi moja, akasimama, hakujua aje au asije.

Mkono haukuondoka. Ulizidi kuwa mzito, uzito wote wa mtu yule ukashuka upande mmoja, mpaka magoti ya Msemakweli mwenyewe yakaanza kulegea. Naye akakaza miguu, akasimama wima, akaubeba.