Huyu Kavaa Nini?

Kuna watu ambao uchafu ukiwaona tu, unahama wenyewe. Mmoja wao ni huyu mama ninayemsema, aliyekuwa akipika sabuni ya maji uani kwake na kuiuza kwa madumu mtaa mzima. Watu wakamwita Bi Sabuni, naye jina akalipokea kwa mikono miwili. Hakuwa na mchezo. Ulikuwa ukivua viatu mlangoni kwake, ukigeuka unavikuta vimeshaoshwa vinachuruzika maji juani, nawe ulikuwa umekuja mara moja tu kuomba chumvi. Mume wake, mchomelea mageti, alikuwa akisema anaogopa kulala mchana, asije akaamka yuko kwenye kamba ya nguo.

Katika nyumba hiyo alikaa pia baba mkwe wake, mzee ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare: za walinzi, za wapiga tarumbeta, za wabeba mizigo wa hotelini, za watoto wa skauti. Askari hakuwahi kuwa hata kwa ndoto, na mbwa akibweka yeye ndiye wa kwanza kuvuka barabara. Lakini ndani ya kabati la kioo chumbani kwake alikuwa na jeshi kamili. Walikuwa askari wa kuchezea, wa madini ya risasi, urefu wa kidole, aliowaokota mmojammoja kwenye meza za wauza vitu chakavu, wamechubuka hawana rangi. Akawavisha upya kwa mkono wake. Na hakuwavisha ovyo ovyo, la! Kila askari alipakwa sare ambayo Fundi aliwahi kuishona kweli, kwa kitambaa na uzi. Huyu ni mlinzi wa ghala fulani, yule ni mpiga ngoma wa bendi fulani, na vifungo vyao alivitia kwa ncha ya sindano. Mgeni akimwuliza amefanya kazi gani duniani, hajibu, anafungua kabati.

Kila mwisho wa mwezi jeshi lilikaguliwa. Fundi alikuwa na daftari la jalada gumu, la tangu enzi za duka lake, na humo kila askari aliandikwa kama mteja: koti, ukosi, vifungo, suruali, mkanda, kisha hali yake, mguu umeungwa, bunduki imepinda. Sura hazikuandikwa. Sura si kazi ya fundi cherehani, alisema, hiyo kila mtu anakuja na yake.

Mtoto wa jicho alipomwingia, kwanza jicho moja kisha la pili, Fundi akawa anaona mwanga na vivuli tu. Hapo ndipo Bi Sabuni alipokuwa macho yake. Wanakaa kitandani wawili, daftari liko mapajani kwa mkwe, mzee anatoa askari kwa mpangilio wao, anampapasa, anamkabidhi.

"Huyu kavaa nini?"

"Koti la kijani, baba. Ukosi mweusi, vifungo vinne."

"Sawa. Huyo ni wa lango la kiwanda. Kanitesa huyo, bega moja liko juu!"

Basi Bi Sabuni anatia alama ya vema, wanaendelea, na mchomelea mageti akipita mlangoni anapiga saluti na ufagio. Na msidhani yule mama alifanya kwa kulazimishwa. Alimpenda mzee yule. Alipoolewa humo hakujua kupika hata ugali wa maji, na Fundi alikula vyakula vilivyoungua, akaifuta sahani, akaomba tena. Mtu wa namna hiyo hasahauliki.

Sasa wema wake ndio uliomponza. Siku moja Fundi alikwenda kumjulia hali rafiki yake, na Bi Sabuni akaamua amfurahishe. Akaliona lile kabati lina vumbi kwenye pembe. Akawatoa askari wote, akawaweka kwenye beseni, akawamiminia maji ya moto na sabuni yake mwenyewe, ile kali aliyokuwa akiwauzia mafundi wa magari, yenye magadi ya kung'oa grisi. Akawaloweka kama soksi. Mteja akagonga, wakazungumza, maneno ya wanawake wawili getini nani anayapima? Aliporudi, maji yalikuwa na rangi zote za dunia, na askari chini ya beseni walikuwa wamebaki kijivu, uchi kama siku walipomiminwa kiwandani.

Yule mama alikaa chini sakafuni. Akawafuta mmojammoja kwa kitambaa, akitumaini labda mmoja amesalimika. Hakuna. Akawarudisha kabatini kwa mpangilio wao, akayamwaga maji uani, na maji yakimwagika ndiyo hayo tena.

Angesema siku hiyohiyo, yangekwisha. Hata yeye aliazimia kusema. Lakini Fundi alirudi amechangamka, na mwisho wa mwezi ukaingia, wakakaa kitandani. Mzee akampapasa wa kwanza.

"Mbona kalainika hivi?"

"Nimewafuta vumbi, baba."

"Ahsante, mwanangu. Ningepata wapi mkwe kama wewe? Haya, huyu kavaa nini?"

Bi Sabuni alitazama lile donge la kijivu mkononi. Kisha akatazama daftari. Yote yalikuwa yameandikwa, kilichotakiwa ni kusoma tu.

"Koti la kijani, baba," akasema. "Ukosi mweusi, vifungo vinne."

"Sawa."

Akatia alama ya vema. Akaendelea hivyo mpaka askari wa mwisho, na kila "sawa" ya mzee ilimchoma kama tone la magadi kwenye kidonda.

Jambo lenyewe lingeishia hapo lingekuwa dogo. Ila kliniki ya macho ilikuwa imeshampangia Fundi siku ya upasuaji. Nyumba nzima ilikuwa ikiisubiri siku hiyo kwa furaha, isipokuwa mtu mmoja. Ilipokaribia, mchomelea mageti alikuwa kazini mbali, akamwomba mke wake apite kliniki kuthibitisha. Bi Sabuni alikwenda. Alifika hadi getini, akaona watu wazima wakitoka wamefungwa bandeji nyeupe, wanacheka, akageuka. Akapitia duka la vifaa, akanunua vikopo vidogo vya rangi.

Nyumbani akasema, "Mashine ya daktari imeharibika, baba. Wamesema tusubiri kidogo."

"Mashine ni mashine," akasema Fundi. "Hata cherehani yangu ilikuwa inanigomea."

Alitaka muda mfupi tu, awavishe upya kabla mzee hajafumbuliwa macho. Akajifungia jikoni na daftari. Wa kwanza, mwenye koti jekundu, akatoka kama mtu aliyetumbukia kwenye mchuzi. Akamfuta, akaanza tena, vifungo vikaungana vikawa mstari. Mikono ile iliyojua kusugua haikujua kupaka. Kumbe ufundi hauko kwenye daftari! Siku zikaenda. Mume wake akauliza habari za kliniki, akajibiwa kipuri kimeagizwa. Akauliza tena, kipuri kimekwama. Na mzee akaendelea kupapasa kuta akienda msalani, akajigonga goti kwenye kiti kilekile kila mara, akaomba radhi kwa kiti. Bi Sabuni aliyaona yote hayo. Siku moja alijikuta anatamani macho yale yasifunguke kamwe, basi. Alijishtukia, akajiziba mdomo kwa mkono wenye povu, ingawa hakuwa ametamka neno. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Katikati ya siku hizo, akaja Shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Fundi, bibi mwenye ulimi wa wembe, anakaa mbali sana, safari ya basi ya kutwa nzima, na walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi. Alishuka na gauni la buluu lenye maua meupe, kifuani limefungwa kwa pini. Fundi akausoma uso wake kwa vidole.

"Umekuwa mzee, dada."

"Shika uso wako kwanza ndio useme," Shangazi akamjibu. "Hayo macho yanafunguliwa lini?"

"Mashine ikitengenezwa tu. Nitakuja kwako mwenyewe, nikuone vizuri."

"Bora uchelewe. Nikioga na kupaka mafuta nitakuita."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Bi Sabuni alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Hakuingia mpaka vikombe vilipoacha kugongana mikononi mwake.

Shangazi alikaa siku chache, akarudi kwake. Haukupita muda, simu ikalia alfajiri, ikapokewa na mchomelea mageti, na watu wakajua kabla hajasema. Kwenye mazishi ya Shangazi, Fundi alisimama amemshika mwanawe mkono, uso ameuelekeza pasipo na watu, akirudia neno moja kwa kila aliyempa pole: "Sikumwona. Alikuja kwangu, nami sikumwona."

Bi Sabuni aliyasikia maneno hayo njia nzima ya kurudi. Wiki hiyohiyo akamshika mzee mkono akampeleka kliniki. Fundi akaketi kwenye benchi la mbali, na muuguzi wa dirishani akamfokea mkwe, "Mlikuwa wapi ninyi? Tumewasubiri mpaka tumechoka!" Bi Sabuni akaomba radhi kwa sauti ya chini. Mashine ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima siku zote.

Upasuaji ukaenda salama. Siku bandeji zilipotolewa, Fundi alirudi nyumbani akisoma kila kibao cha duka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Akamwambia mwanawe amenenepa. Kisha akamgeukia mkwe wake, akamtazama kwa muda.

"Mwanangu, kumbe umekonda hivi? Unaumwa?"

"Siumwi, baba."

Akaingia chumbani, moja kwa moja hadi kabatini. Mchomelea mageti akamfuata na kikombe cha chai mkononi. Bi Sabuni akasimama kizingitini. Fundi akafungua kioo, akamtoa wa kwanza, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akamgeuza.

"Sare iko wapi?"

"Niliwaosha, baba," akasema Bi Sabuni, na machozi yalikuwa yameshafika. "Niliwaloweka kwenye ile sabuni yangu kali. Nilitaka wapendeze. Nisamehe."

Mzee akamtoa wa pili, wa tatu. Wote uchi. Akaketi kitandani. Halafu, jamani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka macho mapya yakatoka maji na mwanawe akahofia mishono.

"Jeshi zima umelivua nguo! Maadui walishindwa, wewe umeweza kwa beseni moja!" Akajifuta uso. "Nyamaza, mwanangu. Rangi ni rangi. Mikono ninayo, macho nimerudishiwa, nitawavisha tena. Na wewe ulikuwa unanisomea daftari kumbe, ili nisiumie moyo. Basi, yamekwisha."

"Yamekwisha," akasema mchomelea mageti, naye ameshusha pumzi.

"Mimi kinachoniuma ni kimoja tu," Fundi akaendelea, taratibu. "Ile mashine ya daktari. Ingekuwa nzima, ningemwona dada yangu. Hiyo sitaisamehe."

Hapo angenyamaza, na hadi leo hakuna ambaye angejua. Mume hakujua, mzee alishatoa msamaha, na muuguzi yuko mbali, huko dirishani kwake. Bi Sabuni alishika mwimo wa mlango. Aliona wazi kwamba akinyamaza sasa, ataisikia hiyo mashine ikitajwa kila mwaka, na kila mwaka ataitikia, "Kweli, baba."

"Mashine haikuharibika," akasema. "Sikuingia hata getini. Niliogopa utawaona."

Mchomelea mageti akaweka kikombe chini. Nje kuna mtu aliyekuwa akiita hodi, anataka sabuni, hakuna aliyemjibu, akaenda zake.

Fundi hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Alikaa na askari wake mkononi, akimzungusha, akimzungusha. Mwishowe akauliza bila kuinua kichwa.

"Dada yangu siku ile alikuwa kavaa nini?"

Bi Sabuni akamjibu, "Gauni la buluu, baba. Maua meupe madogo. Mikono mirefu. Kifungo cha pili kutoka juu hakikuwepo, alifunga pini."

"Pini?"

"Nilimwambia alete nimshonee. Akakataa. Akasema kifungo kiko ndani ya mkoba wake, kamwekea ndugu yake, akifumbuliwa macho atamshonea mwenyewe."

Mzee aliinua kidole gumba chake, kile kilichojaa alama za sindano, akakitazama. Kisha akamtazama mkwe wake, kwa macho yale meupe safi yasiyo na ukungu hata chembe.

"Ni kweli hayo?"

"Kweli, baba. Nakuapia."

"Koti la kijani," akasema Fundi polepole, "ukosi mweusi, vifungo vinne. Na hilo uliniambia kwa sauti hiihii."

Mzee akamrudisha askari mahali pake, akafunga kioo cha kabati, akabaki amesimama mbele yake amewapa mgongo.