Kidonda cha Punda

"Faraj! Maji yako wapi? Wali tuupikie mate?"

Bi Nabiha alikuwa dirishani kwake Kibokoni, vidole vimenata kitunguu. Bintiye aolewa leo, na nyumba imefurika wanawake wanaomenya, wanaocheka, wanaoyasengenya mahari.

"Yaja, bibi!" Faraj akamchapa punda wake.

"Polepole, bwana, huyo ndiye mkeo!" akatania Yeslam barazani.

"Mke ningempa talaka. Huyu nikimwacha nitakula nini?"

Hapo kigari cha reli kikasimama. Kilikuwa kikisukumwa na wasukumaji wawili, Kioko na mwenzake, jasho likiwatona. Juu yake, chini ya turubai, alikaa mzungu akaguaye wanyama wa mji. Akashuka, akainua shogi, mfuko wa kubebea madebe, kwa fimbo, akaona kidonda mgongoni mwa punda. Macho yakamlengalenga machozi. Kweli, wala si kujifanya.

"Bwana asema una roho ngumu," askari aliyefuatana naye akatafsiri. "Punda huyu atafungwa bomani mpaka apone."

"Nampaka mafuta ya nazi kila siku! Na harusi ya watu?"

"Amri ni ya punda. Haijui harusi."

Punda akachukuliwa. Bi Nabiha aliyaona yote. "Pole, mwanangu. Lakini sufuria haingoji. Namwita Badawi, na akianza leo, ndiye muuza maji wangu siku zote."

"Usimwite, bibi. Maji utayapata."

Yeslam akamwazima mzegazega. Faraj akaning'iniza madebe mawili, moja kila ncha ya mti, akashika njia ya kisimani. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Alasiri bega lilikuwa limechunika na kanzu imegandamana na damu, lakini mitungi ya uani ilikuwa karibu kujaa. Imebaki safari moja.

Katika safari hiyo, madebe yamejaa, akakutana na kigari kikirudi, bwana yule yule juu yake. Faraj akatua madebe katikati ya reli.

"Toka njiani!" askari akafoka.

"Hawa wana kiu," Faraj akasema, akampa Kioko kata ya maji. "Kunywa, ndugu yangu. Taratibu."

Kioko akanywa. Mwenzake akanywa, mengine akajimiminia kichwani. Bwana akagonga fimbo, akapiga kelele, akalitazama bega lile lenye damu, kisha akatazama kwengine. Wasukumaji hawakugusa kigari mpaka madebe yalipokauka.

Faraj akahamishia mti bega la pili, akarudi kisimani.