Vidole vya Bi Nusaiba

Tangu meli ya kitalii ilipoiacha Mafia, tumbo la Bi Nusaiba lilikataa kila kitu: chai, mkate, hata maji. Asubuhi akaona isiwe tabu, akajitanda mtandio na kuteremka mpaka zahanati ya meli kuomba kidonge cha kichefuchefu. Kidonge kimoja tu. Angejua yatakayomkuta huko, angetafuna tangawizi akalala zake.

Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, miaka thelathini na minne wodini, mwenyeji wa Kilwa Masoko, mjane wa Mzee Maftaha. Safari ile ilikuwa zawadi ya binti yake Siti kwa kustaafu kwake: Dar, Unguja, Mafia, Kilwa, Mtwara, na kurudi. Mtaa mzima ulikuwa na la kusema, na wifi yake Mwanahija ndiye aliyelisema bila kificho. Mjane wa miaka sitini na mbili anakwenda kustarehe na Wazungu, tena kajipaka piko kama bi harusi. Huyo atarudishwa kwao kabebwa. Eda ya Nusaiba ilikwisha zamani, lakini wako watu ambao kwao eda ya mwanamke haiishi mpaka naye azikwe. Ndiyo maana alijipaka rangi hiyo makusudi, vidole vyote kumi vya mikono mpaka kwenye kiungo cha kwanza, vyeusi tii, na vya miguu vilevile. Sasa meli ilikuwa inakaribia Kilwa. Saa nne ingetia nanga, abiria washuke kwa boti kwenda kutembea, na nusu ya mtaa wake ilishaahidi kuja gatini kumtazama.

Daktari wa meli aliitwa Klementi, kijana wa Mbeya, mpole, mwenye adabu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akambana kidoleni kile kibanio kidogo cha kupima oksijeni. Kikasoma themanini na moja. Akakihamishia kidole kingine. Sabini na tisa.

Nusaiba alipoiona sabini na tisa moyo ulimpasuka. Aliijua namba ile. Mumewe alikufa nayo, mwaka ule wa korona, akiwa amekaa kitandani anazungumza vizuri tu habari za mikorosho yake, hahemi, halalamiki. Jioni yake akaondoka. Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba bibi huyu alikuwa jasiri tangu mwanzo. Aliogopa, akainua mikono amwombe Mungu, na hapo ndipo alipoviona vidole vyake.

Akacheka. Kicheko hicho kilimponza, maana Klementi aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameanza kuchanganyikiwa kwa kukosa hewa. Halafu akamweleza taratibu, kama watu wanavyomweleza mzee, kwamba kwa kanuni za meli anayeshuka chini ya tisini anateremshwa bandari ya kwanza yenye hospitali. Bandari yenyewe ni Kilwa. Ameshapiga simu, gari la wagonjwa linakuja gatini, na mabaharia wanaleta machela.

Nusaiba akamwambia ni piko. Mashine inapitisha mwanga kidoleni, na weusi ule unauzuia. Klementi akajibu kwamba rangi ya kucha anaijua, akamwita muuguzi Jenipher alete spiriti. Walisugua mpaka ngozi ikawaka, piko wala halikutikisika. Wakajaribu kidole cha mguu, themanini. Wakajaribu sikio, lakini kibanio kile ni cha kidole, kikateleza. Kifua chake kilikuwa safi na midomo haikuwa na dalili yoyote, na hayo daktari aliyakubali. Ila, alisema, amewaona watu wenye kifua safi wakifa huku wanaongea.

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ulimchoma Nusaiba kuliko yote.

"Mwanangu," alisema, "mume wangu alikufa na namba hiyo. Siwezi kuichezea. Lakini mimi siumwi, na kwetu sishuki kwa machela."

"Mama, nikikuacha ukafa, nitajibu nini?"

"Na ukinibeba mzima, utajibu nini?"

Mabaharia wawili walikuwa wameshafika mlangoni na machela yao. Nusaiba hakuinuka. Alifungua mkoba, akatoa pakiti ya unga wa piko aliyobakiza kwa ajili ya kurudishia rangi, akamwomba Jenipher maji kijiko kimoja na kijiti cha pamba. Jenipher alikuwa mtoto wa Tingi, huko huko Kilwa, piko alilijua vizuri. Ila tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza. Maji aliyaleta mbio.

"Nipe kidole chako, daktari. Ukibaki na namba yako ya kawaida, nalala mwenyewe kwenye hiyo machela, na sitasema neno."

Pengine alikubali kwa kumheshimu mtu mzima, pengine kwa wasiwasi uliokwisha kumwingia. Alijipima kwanza: tisini na nane. Kisha Nusaiba akampaka, pole pole, ukucha na nyama mpaka kwenye kiungo. Wakasubiri likauke. Kwa robo saa nzima dirishani nchi kavu ilizidi kusogea. Nusaiba aliomba Mungu kimoyomoyo, kwani kama amekosea basi ni kweli anakufa.

Klementi akajibana. Mashine ikababaika, ikatoa vistari, ikatulia. Themanini na tatu.

"Haya," alisema Bi Nusaiba, "machela ni moja. Nani analala?"

Mabaharia waliangua kicheko. Klementi alikivua kile kibanio, akaomba radhi, radhi ya kweli, kisha akapiga simu kulirudisha lile gari. Nusaiba alimwacha amalize, ndipo akamsogezea faili. Pale palipoandikwa kuchanganyikiwa akamtaka apige mstari. Chini yake akamtaka aandike kwamba mwanamke wa pwani akija, vitazamwe vidole kabla ya namba, na Jenipher aulizwe. Aliandika. Nusaiba akayasoma maneno yote mpaka mwisho, akadai na saini.

Daktari alimshauri angalau asishuke leo, apumzike chumbani, bahari imechafuka kidogo. Akamjibu kwamba kupumzika alishapumzishwa na watu miaka minne tangu afiwe, na inamtosha.

Meli ilipotia nanga alishuka ngazi wa tatu, kwa miguu yake, katikati ya Wazungu wawili walioogopa maji kuliko yeye. Kidonge alichokifuata hakukipata. Alikuwa na furaha, na mikono aliiweka juu ya ukingo wa boti, wazi, mahali ambapo kila mtu wa gatini angeiona.