Mkono Mkavu

"Mama Shirleen, huo mkono umeumia?"

Everline hakuinua kichwa. Alikuwa amechutama kando ya karai juu ya paa la ghorofa huko Tassia, mkono wa kulia ukisugua kola ya shati, wa kushoto umekaa juu ya kopo la sabuni, mkavu, kama mgeni aliyekataa chai.

"Haujaumia, madam."

"Basi mbona unafua na mmoja? Hizi nguo zitaisha Krismasi?"

Kavinya, mwenye nguo hizo, alikuwa amepanda ngazi na mablanketi mawili begani. Alikuwa tayari amevalia kwenda mjini.

"Najifunza gitaa," Everline akasema.

Kavinya akayaweka mablanketi chini taratibu. Akamtazama mwanamke huyo aliyepita hamsini, kitambaa kichwani, sketi imekunjwa hadi magotini.

"Gitaa. Ya kupiga?"

"Kuna ingine?"

Tatizo lilikuwa maji. Nyuzi za gitaa zinataka vidole vilivyokomaa, ngozi ya ncha iwe ngumu kama ya kisigino. Kila jioni Everline alizibonyeza mpaka ngozi ikaanza kushika. Kila asubuhi karai liliilowesha, ikalainika, ikachunika. Ilikuwa kama kukandika ukuta wa udongo wakati wa mvua. Wiki hii akaamua kwamba mkono wa kushoto hautagusa maji mpaka Jumapili ipite. Vyombo vya nyumbani alimwachia binti yake Shirleen, naye Shirleen alinuna.

Ushirika wao wa maombi, wa watu wa kwao walioko mjini, ulikutana kila Jumapili sebuleni kwa Patrobas, mwenyekiti. Miaka yote gitaa lilipigwa na Mzee Nalianya, hadi alipostaafu kazi ya reli na kurudi Lugari. Siku ya kuaga aliliweka juu ya kiti akasema anayelitaka alichukue. Wanaume wakatazamana. Everline akalichukua.

"Vizuri, mama," Patrobas alisema. "Liweke mahali lisipigwe na jua."

"Nitalipiga mimi."

Walicheka sana. Yeye hakuwa amefanya mzaha. Tangu hapo Nalianya alimfundisha kwa simu, sauti yake ikikatika na kurudi: "Gumba ndiye mwenye nyumba, hakimbii. Kidole cha shahada ni mtoto, kiache kicheze." Mulwa, jirani wa Everline, aligonga ukuta kwa ajili ya kelele. Everline alipunguza sauti ya simu, si ya gitaa. Sasa Patrobas alikuwa amempa Jumapili moja. Akishindwa, mwenzao Shiundu angeleta kinanda chake chenye ngoma ndani, na gitaa lingepewa mtu mwingine.

"Na haya utayakamuaje?" Kavinya aliuliza, akiyagusa mablanketi kwa ncha ya kiatu.

Everline alimwaga maji machafu, akatia mengine, akavua viatu, akaingia ndani ya karai. Akakanyaga. Kulia, kushoto, kulia, mwendo ule wa gumba, huku akiimba ndani ya pua. Povu likampanda miguuni. Blanketi lilipotakata akaliinua upande mmoja kwa mkono wa kulia. Lilikuwa zito kama mlevi anayerudishwa kwake. Likamponyoka.

"Kuna Aoko, wa pale chini," Kavinya alisema. Hakusema kwa ubaya. "Ana mikono miwili. Nimwite?"

Nyumba nzuri ya kufulia haipatikani kila siku, na Aoko akishaingia mlangoni hatoki. Everline aliutazama mkono wake wa kushoto, akaurudisha mgongoni.

"Mwite. Lakini la pili niachie nilikanyage, nimeshalowa."

Kavinya aligeukia ngazi, akarudi. Kisha akavua saa, akaitia mfukoni.

"Lete huo upande. Na usinivute, nimetoka kusuka nywele."

Wakasokota, mmoja kulia, mwingine kushoto, Everline akiubana upande wake kwa kiwiko na nyonga. Maji yakamwagikia Kavinya viatuni.

"Mama Shirleen, ukienda kushindwa baada ya hii, Jumatatu unafua na mikono yote miwili, pamoja na hivi viatu."

Jumapili sebule ilijaa. Kinanda cha Shiundu kilikuwa tayari mezani, kimefunikwa kwa kitambaa. Ayuma, mama anayewaanzishia nyimbo, akasimama kupandisha wimbo, na hapo ndipo Everline alipotambua alichokisahau. Hakuna aliyewahi kumpa Ayuma sauti ya kuanzia. Yeye huanzia pale koo lake lilipoamkia, na wengine humfuata. Nyumbani Everline alikuwa akijianzishia mwenyewe.

Ayuma akapandisha. Everline akaingia, na wakawa kama watu wawili wanaobeba kabati, mmoja ameshafika ngazini, mwingine bado yuko mlangoni. Akahamisha vidole. Si hapo. Akahamisha tena. Watu walipiga makofi kwa nguvu zaidi, makofi ya huruma. Shiundu akaanza kukunja kitambaa cha kinanda.

"Mama Ayuma, simama kidogo."

Wimbo ukakatika. Makofi yakafa moja moja.

"Uko juu sana," Everline alisema. "Mimi huko sijafika. Najua hapa tu." Akagusa uzi mmoja.

Ayuma alimtazama juu ya miwani. "Nalianya hakuwahi kuniambia niko juu."

"Nalianya alikuwa anakukimbilia, mama. Mimi bado natambaa."

Mtu akakohoa. Patrobas akainuka nusu. "Basi, kina mama, labda leo tutumie..."

"Keti, Patrobas." Ayuma hakugeuka. "Everline. Piga tena hapo ulipo."

Everline akapiga. Ayuma akafumba macho, akafungua kinywa, na sauti yake ikaanza kushuka kuufuata ule uzi, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani, stima ikiwa imepotea, akipapasa kila kidato kwa wayo kabla ya kukikanyaga.