Kifurushi cha Elikana Nazario

Sokwe! Ndivyo kitendawili kinavyoanza kwa Kirundi. Wewe Mrundi wa hapa utajibu "Niruze". Wewe uliyelelewa Tanzania kama mimi utajibu "Tega". Jibu upendavyo, ila sikiliza. Nina dirisha lisilo na ukuta. Mtu wa Mutaho anachungulia humo, na mtu wa ng'ambo ya bahari anachungulia humo humo. Kila mmoja anaona lake, wala hawaonani. Dirisha hilo husafiri likiwa limefungwa kama mzigo, na jina la aliyelifunga husafiri nalo. Ni nini?

Umesema televisheni? Hukupata. Nipe mji. Nimeuchukua Gitega, nimezunguka sokoni, nimekula ndizi za kuchoma, nimeshiba. Jibu ni kivinjari, kile ambacho watu hufungulia intaneti kwenye kompyuta. Nami niliyeishia darasa la saba nilikuwa sikijui, mpaka mjukuu wangu Elikana alipokuwa fundi wa kukifunga.

Elikana alifanya kazi Gitega, kwenye kibanda cha Houssein nyuma ya soko. Houssein ni mtoto wa mafundi cherehani, ila yeye akaacha cherehani akashika kompyuta kuukuu. Anazifufua na kuziuzia shule. Ndani yake huweka mfumo ambao hauna mwenyewe: umeundwa na watu wa nchi nyingi wasiolipwa, wanaugawa bure, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoshonwa. Elikana alikuwa mmoja wa watu hao. Sehemu yake ilikuwa kivinjari cha kompyuta dhaifu, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Siku moja nilimuuliza, "Sasa wewe unafunga nini, mbona sioni kamba?"

Akacheka. "Bibi, unakumbuka siku ya kutoka kambini?"

Naikumbuka vizuri, siku wakimbizi tuliporudishwa Burundi kutoka Tanzania. Nilifunga mizigo ya nusu ya mtaa wetu. Jembe unalitoa mpini, maana mpini utapata kokote, chuma hutapata. Maharage ya mbegu yanaingia ndani ya sufuria, sufuria ndani ya beseni, na kitakachohitajika kwanza mkifika kinakaa juu.

"Basi ni hivyo hivyo," akasema. "Waliotengeneza kivinjari wanakitoa kikiwa vipande, kimekusudiwa mashine zenye nguvu. Mimi natoa kisichohitajika, naziba palipotoboka wezi wasipite, naandika kitu gani kitangulie ndipo hiki kifuate. Kisha naipa kompyuta ikipike."

Kupika huko kulichukua kutwa nzima, kama maharage makavu kwenye kuni mbichi. Na umeme wa Gitega unaujua. Ukikatika jioni, chungu kimepasuka, unaanza upya asubuhi.

"Bibi, njoo umkemee huyu," Houssein alikuwa akiniambia nikipita kuuza parachichi. "Mi niko na wateja, yeye iko nakalia mashine moja kama kuku kwenye mayai."

"Na yakianguliwa utauza vifaranga," Elikana anamjibu.

Kila kifurushi kilibeba jina la mfungaji. Chake kiliandikwa Elikana Nazario. Hapa Burundi kila mtoto ana jina lake, la baba halimfuati. Lakini mwalimu wa kambini alitaka majina mawili, la mtoto na la baba, kama Watanzania wanavyofanya, na Elikana akalizoea. Kwa baba yake hakuwa na kitu kingine chochote, hata picha.

Nazario alikuwa mkwe wangu, mtu wa Buhinyuza, kule Muyinga. Tuliporudi Burundi mara ya kwanza, tukidhani nchi imetulia, alimwoa binti yangu Martha wakamzaa Elikana. Vita vikatukuta huko, nimekwenda kumsaidia mzazi. Tulikimbia mimi, Martha na mtoto mgongoni. Nazario alisema, "Tangulieni, narudi kuchukua baiskeli. Nitawakuta Kobero." Hapo mpakani Kobero hakuja. Tulivuka, tukamngojea Kabanga upande wa pili, tukiangalia kila mwanamume mwenye baiskeli. Martha alikufa kambini kwa kipindupindu, akiwa bado anauliza kama kuna watu wapya walioingia. Nikabaki na mtoto.

Sasa shida ilianza hivi. Elikana hakuwa na ruhusa ya kuingiza kifurushi mwenyewe. Kuna mzee wa nchi ya mbali aliyekuwa akikikagua na kukitilia ufunguo wake, alama ya siri inayowaambia watu wote kwamba kazi hii ni safi. Mzee huyo akatangaza kwamba anaacha. Wenzake wakasema: asipopatikana mtu mwenye ufunguo wake mwenyewe kabla ya mwezi kwisha, kivinjari cha kompyuta dhaifu kitaondolewa. Na ili ufunguo wako ukubalike, lazima mmoja wao akuone ana kwa ana, ashike kitambulisho chako, asome jina, akutazame usoni. Kwa watu wa mitandao, nilistaajabu. Wanaaminiana kama sisi wa kijijini.

Bahati ikaonekana. Mwajuma wa Kigoma, mmoja wa watu hao, alikuwa apite Gitega kwa basi. Lakini Elikana hakuwa na kitambulisho. Ofisi ya komuni ilimwambia karangamuntu, kitambulisho cha Burundi, huandikwa jina la baba, na baba huthibitishwa na mlima wake, maana hapa kijiji huitwa mlima. Ushahidi wangu, bibi wa upande wa mama, haukutosha.

Tukaenda Buhinyuza. Damiano, mkuu wa mlima, akawaita wazee penye uwanja wa shule. Kasiano, kaka yake Nazario, alikuja wa mwisho, kofia mkononi.

Damiano akasema, "Kasiano, wewe ndiye kaka. Kijana huyu ni wa nani?"

Kasiano aliangalia viatu vya Elikana. "Nazario alivuka. Kama alizaa huko, mi nitajuaje?"

"Mkwe!" nikasema. "Mtoto huyu ulimbeba! Siku ya ubatizo alikukojolea shati, ukavua mbele ya padri!"

Watu wakacheka. Kasiano hakucheka. "Wengi walinikojolea," akasema.

Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Ni shamba. Akimkubali mtoto, atagawa shamba." Nami niliamini hivyo hivyo.

Elikana akasogea mbele. "Baba mkubwa, sitaki shamba. Nitaandika mbele ya mkuu kwamba silitaki. Niambie tu mimi ni wa nani. Na baba yangu aliishia wapi?"

Swali hilo la pili hakuna aliyemtuma aliulize. Nilimwona Kasiano akikunja kofia yake kama mtu anayekamua nguo. Kisha akageuka, akashuka zake kwenye migomba bila kuaga.

"Bila neno lake siandiki," Damiano akasema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Nisamehe, mama."

Tukashika njia ya kurudi. Elikana akasema, "Bibi, kumbe hata kwamba ananichukia hawezi kusema."

Mwajuma akaja siku aliyosema. Ni mwanamke mchangamfu wa kanga begani. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua kazi ya Elikana, akaisoma muda mrefu. Akasema ni safi, na kwamba yeye mwenyewe hutumia kivinjari hicho kwenye mashine ya mama yake. Elikana akamwonyesha kadi yake ya zamani ya kambini, iliyokunjamana, imeandikwa Elikana tu, picha imefutika.

"Kaka, hii haina jina la baba wala uso," Mwajuma akasema. Machozi yalimlengalenga. "Nikitia alama hapa nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba nimehakikisha. Na sijahakikisha."

"Bon, si unamwona? Mtu iko mbele yako!" Houssein akapaza sauti.

"Namwona. Sijui ni nani."

Houssein alitaka kumfukuza. Elikana akamzuia, akamsindikiza mgeni hadi stendi akimbebea begi. Aliporudi alikaa kwenye mashine yake bila kuiwasha.

Kulikuwa na tundu jipya kwenye kivinjari, lile ambalo mwizi angepitia akachukua maneno ya siri ya watu. Elikana angeweza kuliacha, maana dirisha lenyewe linabomolewa. Hakuliacha. Aliziba, akapika, umeme ukakatika, akapika tena. Nilimpelekea ugali ukapoa pembeni. Alikonda mpaka shingo ikawa kama ya mzee. Mzee wa mbali akakitilia ufunguo wake kwa mara ya mwisho. Kompyuta ikipokea kifurushi, huonyesha kwanza maneno ya mfungaji, ameziba nini, amebadili nini. Elikana aliandika ya kazi, halafu chini akaongeza kwa Kiswahili: *Hiki ndicho cha mwisho kutoka kwangu. Elikana, mtoto wa Nazario wa Buhinyuza, ambaye hatujui aliishia wapi.*

Mwezi ukaisha. Wakakiondoa kivinjari kama walivyosema. Elikana alisema kinaweza kurudishwa siku atakayopata ufunguo, lakini alisema kama mtu anayesoma bango. Akaanza kulala mchana. Houssein akaacha kumtania, na hilo ndilo lililonitisha.

Lakini kifurushi cha mwisho kilikuwa kimekwisha kutoka. Houssein huenda Kobero kuchukua bidhaa, na njiani hupita kwenye shule alizoziuzia kompyuta, akiwa na flashi yenye vifurushi mfukoni, maana huko intaneti ni ya kuotea. Alipita hata shule ya mlima wa Buhinyuza. Nilipomuuliza baadaye aliinua mikono. "Mi sikusema kitu, bibi. Mi nilipeleka tu mzigo."

Mwalimu wa hapo, Paskazia, ndiye aliyenipigia simu. Aliwaambia watoto wasome kwa sauti kilichojitokeza kwenye kioo, kwa sababu kilikuwa Kiswahili nao wanajifunza Kiswahili. Wakasoma. Jioni walirudi nyumbani, kila mtoto akauliza kwao: Nazario ni nani? Aliishia wapi? Wajukuu wa Kasiano nao walikuwa darasani. Wakamuuliza akiwa anakula. Paskazia aliambiwa kwamba babu yao aliweka chini kijiko, na kwamba kesho yake hakula, wala iliyofuata. Kisha akamwendea Damiano mwenyewe, akasema tuitwe.

Elikana hakutaka kwenda. "Ananiita anitukane mara ya pili?" Nikamwambia mimi nitakwenda hata peke yangu, na magoti yangu haya. Ndipo akavaa viatu.

Safari hii Kasiano hakutaka uwanja wa shule. Alitungojea nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, pamoja na Damiano na wazee wale wale. Alikuwa amepungua. Hakusalimu. Elikana alisimama mbali kidogo, akaegemea mgomba mmoja mnene, mikono kifuani.

"Nani alikufundisha kuandika jina lake kila mahali?" Kasiano akauliza.

"Mwalimu wa kambini alitaka jina la baba. Sikuwa na jingine la kumpa."

Kasiano akatikisa kichwa polepole. Damiano akakohoa, akauliza kama alivyouliza siku ile. "Kasiano. Kijana huyu ni wa nani?"

"Wa Nazario," Kasiano akasema mara moja. "Nilimbeba. Alinikojolea. Andika."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wazee wakaanza kusogea, wakidhani imekwisha. Elikana hakusogea.

"Na yeye, baba mkubwa? Aliishia wapi?"

Kasiano alikaa chini kwenye majani makavu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Hakuvuka," akasema. "Hakufika hata barabarani. Alirudi kuchukua baiskeli, wauaji wakamkuta hapa. Mi nilikuwa nimejificha pale kwenye mtama, nikasikia yote, sikutoka. Walipoondoka nilimzika peke yangu, bila sala, nikapanda migomba juu wasije wakamfukua. Nikawaambia watu amevuka. Nilisema mpaka nikazoea. Nilijua nikikukubali wewe, utaniuliza. Yuko hapo ulipoegemea, mwanangu. Na ndizi zake tumekula miaka yote hii."