Kapikua Isiyopatikana

Evaristo, kondakta wa basi la mtaa wa Sayago, mjini Montevideo, alikuwa na miaka arobaini na miwili, masharubu ya kuchanwa, na mapenzi yaliyomkosesha hata hamu ya kula. Yote hayo kwa ajili ya Delmira, mwalimu wa hesabu, mjane asiyecheka ovyo. Alipomposa mwezi Machi, mwalimu alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Niletee tiketi ya kapikua ambayo ni namba tasa. Siku hiyo nitaolewa nawe."

Kumbe ni hilo tu! Montevideo nzima inajua kapikua ni bahati: namba inayosomeka vilevile, uanzie kichwani au mkiani. Tiketi za Evaristo zilikuwa na tarakimu sita, na katika kila elfu moja hutokea kapikua moja. Tasa nayo ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Basi kila kapikua ilipofikiwa kwenye kitita cha tiketi aliinunua mwenyewe, na Jumamosi huyo mlangoni kwa mwalimu, nywele zinameremeta mafuta.

Delmira humpa chai ya kibuyu, huchukua penseli, hukokotoa kidogo.

"190091. Kumi na moja mara 17281. Pole, bwana Evaristo."

Jumamosi nyingine: "734437. Kumi na moja mara 66767. Kunywa, itapoa."

Mpaka Agosti, kumi na moja, kumi na moja! Jumapili moja Evaristo akashika penseli mwenyewe. Akaona kwamba kapikua ya tarakimu sita, iwe ipi, hujengwa kwa vipande vya aina tatu tu: 100001, 10010 na 1100. Akavigawa kimoja kimoja kwa kumi na moja. Havikuacha baki. Akarudia, jasho likimtoka. Wapi! Kapikua tasa ya tarakimu sita haipo, haijawahi kuwapo, na haitakuwapo hata basi lioze.

"Amenifanya zuzu," akasema, machozi yakimlenga. "Miezi mitano ananizungusha kama pia!"

Jumamosi hakupaka mafuta wala hakuketi. Aliitupa karatasi mezani.

"Soma, mwalimu. Halafu tuagane."

Delmira alisoma. Akarudia tangu juu, polepole, bila kusahihisha kitu.

"Nani amekufundisha kuthibitisha hivi?"

"Hasira! Ulijua tangu Machi?"

"Nilijua."

"Sasa si ungesema hunitaki, nikajua moja? Mtu mzima nahangaika na vikaratasi, abiria wananicheka!"

Mwalimu aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa haya.

"Machi nilitaka uchoke uende zako," alisema. "Kufika Mei, Evaristo, kila Jumamosi nilikuwa dirishani, naogopa usije ukawa umechoka."

Evaristo alivua kofia, akaketi.