Vikombe Thelathini na Sita vya Epifania

Ukitaka kumjua Epifania, usimuulize habari zake. Muulize habari za kahawa yake. Hapo utavutiwa kigoda na kuelezwa kwamba buni inatoka Manyovu kwa shemeji yake, inakaangwa polepole, inatwangwa kwa kinu wala haipelekwi mashineni, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kumuuzia mtu kahawa iliyolala. Meza yake ilikuwa langoni kabisa mwa soko moja dogo mjini Kasulu, mahali ambapo kila aingiaye lazima anuse kwanza ndipo anunue. Wote pale walimwita Mama Deborah, kwa jina la binti yake mkubwa.

Balaa lililetwa na vikombe vya karatasi. Zamani alikuwa na vikombe kumi vya udongo na beseni la kuoshea, basi. Kisha dereva mmoja wa basi akamwambia kwamba kwenye miji mikubwa siku hizi watu wanakunywa kahawa huku wanatembea. Epifania akaona hayo ndiyo maendeleo, akanunua vikombe vyeupe vyenye ua jekundu ubavuni. Watu wakanywa wakitembea, wakatupa wakitembea. Mvua za Desemba zilipofika, mtaro wa soko ukaziba na maji yakaingia hadi ndani. Ndayikunda, muuza maharage, akakuta magunia yake mawili ya chini yameota kama yamepandwa. Taka zilipoopolewa mtaroni, kila mkono ulitoka na ua jekundu. Hakuna aliyehitaji mpelelezi.

Ndayikunda mwenyewe hakusema neno. Waliosema ni wengine, tena kwa sauti, na Jumatatu moja ya Januari mzee Stanislaus, mwenyekiti wa soko, akaja amevaa kofia yake ya mikutano.

"Mama Deborah, Jumamosi asubuhi nitapita," alisema. "Nikikuta ua moja tu kwenye mtaro, unahamia nyuma, kule karibu na machinjio. Kamati imeshakaa."

Nani atakunywa kahawa machinjioni? Labda nzi. Epifania alijua kwamba akiondoka langoni, biashara imekufa, na ada ya shule ya Deborah imekufa nayo. Lakini si mwanamke wa kukaa chini na kushika tama. Siku iliyofuata alinunua vikombe thelathini na sita vya bati, vya kijani, akaandika herufi E kwenye kila kitako kwa rangi ya kucha ya binti yake. Na kwa kuwa akishaanza jambo hana breki, aliacha pia kufunga kashata zake kwa nailoni akarudia majani ya mgomba, na mashapo ya kahawa aliyokuwa akimwaga uani akayapeleka shinani mwa migomba. Deborah alilalamika tu kuhusu rangi ya kucha.

Jumatano asubuhi Epifania alipanda juu ya kigoda chake, akawasalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, majirani zangu. Mwenye kosa nimelijua kosa langu. Kuanzia leo karatasi basi. Hivi mnavyoviona ni vyombo vya nyumbani kwangu, vitunzeni kama mnavyotunza chombo cha jirani. Na kahawa ya leo mtu asitoe hela. Leo hesabuni mmekuja kwangu."

Walimpigia makofi, na yeye akajiona ameongea kama mbunge. Vikombe vyote vikaondoka na kahawa, kimoja kwa Abbasi fundi cherehani, kimoja kwa Ndayikunda, kimoja hata kwa mzee Stanislaus, na vingine kila kibanda. Hadi saa sita mchana vilikuwa vimerudi vitatu. Viwili vilirudishwa na abiria waliokuwa wakisubiri gari la Kibondo, na cha tatu na kijana wa mauzo kutoka Dar es Salaam, aliyesema, "Safi sana, maza," akaenda zake. Wageni walirudisha. Wenyeji, kimya.

Alhamisi aliuza kwa vikombe vitatu, maana vile vya udongo vilishavunjika zamani. Foleni ilikuwa ndefu, wateja wakachoka, wakaenda kunywa chai kwingine. Majirani walipita wakimsalimia kwa upande upande, kama watu wenye siri.

"Abbasi, kikombe changu?" aliuliza.

"Kipo, mama, kipo. Usiwe na wasiwasi. Tuseme keshokutwa."

Keshokutwa! Epifania aliujua wimbo huo. Mtu anayekupangia siku ya kurudisha kitu kilichopo, huyo kitu kimemnogea. Aliporudi nyumbani alitazama chini ya kitanda, kulikokuwa na pakiti mbili za vikombe vya karatasi zilizobaki. Ijumaa asubuhi alizitia kapuni, akazifunika kitenge, akaenda nazo sokoni. Moyo ulimsuta, lakini njaa nayo ina maneno yake.

Njiani kuelekea mezani alipita mbele ya kibanda cha Ndayikunda, na hapo akakiona. Kikombe chake cha kijani kilikuwa juu ya rafu, kimeoshwa kikang'aa, kimefunikwa kitambaa cheupe. Hasira ikampanda.

"Kumbe chombo changu kimekuwa pambo lako," alisema, na wateja watatu waliokuwa wakichambua maharage wakainua vichwa. "Nilikuharibia magunia, sawa, nilikosa. Lakini ungenidai waziwazi. Kunilipiza kwa kikombe, Ndayikunda, huo ni utu?"

Ndayikunda hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, akakulia hapa, akapata uraia hapa, na muda wote huo alijifunza kutopandisha sauti mbele za watu. Alikishusha kikombe, akakifuta tena ingawa hakikuwa na vumbi, akakitoa kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nasubiri gari la Munanila. Maharage mapya yanaingia kesho. Haya niliyonayo yalikaa juu ya magunia yaliyolowa, siwezi kukutilia wewe haya. Ulitupatia kahawa kwenye chombo chako, hela ukakataa. Ningekirudisha kitupu, ungesema nimelelewa wapi?"

Epifania alisimama pale na kikombe mkononi. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nani asiyejua? Mama yake hakuwahi kurudisha sahani ya watu bila kitu, hata ikiwa chumvi ya kufumba mkononi. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa na bakuli la jirani wiki tatu nzima, akisubiri kuku atage. Angeuza kahawa kama siku zote, vikombe vingerudi jioni ileile. Lakini alipanda kigodani, akasema vyombo vya nyumbani, akasema jirani, akasema mtu asitoe hela, na watu wakamsikiliza neno kwa neno. Mdomo uliponza kichwa.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akaenda na kikombe mezani kwake akakaa. Pakiti za karatasi hazikutoka kapuni. Jioni alizirudisha nyumbani, akavitoboa vile vikombe vitakoni, akavijaza udongo na kusia mbegu za nyanya.

Jumamosi walianza kuja jua likiwa bado changa. Abbasi alileta kikombe kimejaa karanga. Pelagia wa mboga alileta ulezi, mwingine chumvi, mwingine mahindi, mwingine mayai mawili yaliyokaa vizuri kana kwamba kikombe kilitengenezewa yenyewe. Kila mmoja alikiweka mezani kwa unyenyekevu na kuomba radhi kwa kuchelewa. Hadi saa mbili, vikombe thelathini na kimoja vilikuwa vimejipanga mbele ya Epifania, vyote vimejaa, na birika linachemka huku vikombe vya kumiminia ni vile vitatu tu.

Ndipo akatokea mzee Stanislaus na fimbo. Alichokonoa mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipata tope na jani moja la mgomba.

"Mtaro safi," alitangaza. "Unabaki langoni." Kisha akaitazama meza, akakohoa, akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa kikombe cha kijani kilichofungwa kwa jani. Kilikuwa cha asali. "Nilichelewa kurina," alisema kwa sauti ya chini kuliko ile ya kamati.

Epifania alicheka hadi machozi, na soko likacheka naye. Aliazima ungo na masufuria, akamimina kila kitu, Deborah akaosha vikombe. Mwenyekiti akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mia mbili," alisema Epifania.

"Hata mimi?"

"Hasa wewe. Nikitoa ya bure tena, vikombe hivi nitaviona Pasaka."

Mzee alilipa, akanywa, akarudisha kikombe kitupu bila haya yoyote, na wengine wakafuata hivyo hivyo. Kahawa ya kununua haina deni la heshima.

Kilibaki kikombe kimoja, kile alichokichukua Ijumaa. Epifania alikiosha mwenyewe, akakijaza, akatia kashata kwenye jani, akavuka soko. Gari la Munanila lilikuwa linashusha magunia, na wateja wa jana walikuwepo. Ndayikunda alipomwona alianza kufungua fundo la kanga atoe hela.

"Acha," alisema Epifania. "Jana nilikichukua mbele za watu, na nilikosea. Nimeona aibu. Leo nakileta mbele za watu hao hao."

Ndayikunda alikipokea kwa mikono miwili. Alinusa kwanza, akatabasamu.

"Kitachelewa kurudi, mama."

"Ego," alikubali Epifania kwa Kiha. "Kichelewe tu."

Ukipita leo langoni na kuhesabu vikombe mezani, utakuta thelathini na tano. Usimwambie kimoja kimepotea. Atakuvutia kigoda, akuelekeze kwa mkono upande wa maharage, na kahawa utailipia.